Roki Ilikufa Maua, Mwaka 2003

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Saa nane mchana. Joto la kukaanga yai. Niko hewani! "Saa ya Roki na Kinoti", mwaka wa sita sasa, katika redio yetu ya mtaa hapa Garissa. Ni kazi ya kujitolea. Siku za wiki mimi ni afisa wa mifugo, nachanja ngamia na mbuzi. Jumamosi nachanja masikio. (Nilisema hivyo hewani. Nilicheka peke yangu.)

Kwa wasiojua, nilieleza tena jinsi roki ilivyokufa. Ilifia Maua, kule kwetu Meru, Desemba 2003, katika ukumbi wa shule, stima ilipopotea katikati ya wimbo wetu wa tatu. Bendi ilikuwa Ngurumo za Nyambene. Mpiga gitaa, mimi. Watu walienda nyumbani. Vilivyokuja baadaye ni kelele.

Simu ikalia. Bridget! Huyu ni nesi, mtu wa Busia, mmoja wa wasikilizaji wangu waaminifu. Sawa, ndiye msikilizaji wangu mwaminifu. Nikadhani anaomba wimbo. Wapi! Aliuliza kama nimeshamsikia Hamze wa mtaa wa Galbet, eti anapiga roki mpya ya kutoa watu machozi.

Hewani! Ndani ya kipindi changu!

Mara Sahro akafungua mlango. Sahro ndiye meneja wa kituo, mwanamke asiyepoteza neno wala dakika. Akasema kwa bahati nzuri Hamze yuko pale nje. Kwa bahati! Akaingia kijana wa miaka ishirini na mitatu, fundi wa simu, gitaa limefungwa kwa kamba ya mbuzi. Amplifaya amejiundia mwenyewe kwa spika ya gari na betri ya pikipiki. Akapiga vitu ambavyo mjomba wake alikuwa akivipiga kwa kaban, ule udi wa Kisomali, ila yeye kavitia mngurumo hadi kioo cha studio kikatetemeka.

Dakika kumi. Simu kumi na moja. Mimi kwa miaka sita sijawahi kupata simu mbili kwa siku moja, ila mara moja tu, na ile ya pili ilikuwa ya mtu aliyekosea namba.

Alipomaliza akanishika mkono kwa mikono yake miwili akaniita adeer. Niliitika. Ningefanya nini? Baadaye Bi Ramlo, anayeniuzia chai ya maziwa ya ngamia, akanieleza kwamba adeer ni ndugu wa baba. Baba mdogo! Mimi! Nina miaka arobaini na saba tu.

Sahro akanivuta kando. Akasema Jumamosi ijayo ataamua saa ile abaki nayo nani. Nikamkumbusha kwamba ya kale ni dhahabu. Akanijibu kwamba mla ni mla leo, mla jana kala nini.

Sina wivu. Naandika hapa ili ijulikane. Chakula cha jioni nilikula vizuri, nusu.


Jumapili, 5 Oktoba

Mpango wa kwanza: mtihani. Nimemwita Hamze kwangu, mtaa wa Waberi. Nimemwandalia maswali arobaini kuhusu wapiga ngoma wa zamani, miaka waliyozaliwa na walivyokufa. Atakayefeli hana haki ya kushika gitaa. Mimi mwenyewe najua majibu ya thelathini na moja.

Alifika saa nne kamili na chupa ya maziwa ya ngamia kutoka kwa mama yake. Akasalimia, akauliza habari za nyumbani kwetu Meru, mama, baba, mvua, majani chai. Nikafungua daftari la maswali. Akaona feni yangu imesimama. Akauliza imesimama tangu lini. Tangu Machi, nikasema. Akaitoa ukutani.

Wakati anaifungua akaliona gitaa langu. Ni jekundu, linaning'inia juu ya kitanda tangu nihamie hapa. Akaliangalia kama mtu anayeangalia chakula cha mwenzake. Akasema, "Adeer, hii gitaa ni kali sana, lakini mbona uzi moja haiko?"

Nikamwambia ule uzi wa tatu ulikatika usiku ule ule wa Maua na sikuurudisha kwa heshima ya marehemu. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Kisha akauliza wimbo uliokatika ulikuwaje. Hapo nikajisahau. Nikamwimbia! Nikapiga ngoma kwa sufuria, nikamwimbia hadi pale stima ilipopotea. Nikaweka sufuria chini. Akauliza baada ya hapo unaendaje. Nikamwambia hauendi. Ndipo roki ilipokufa.

Akairudisha feni ukutani. Halafu akaiwasha. Inafanya kazi kuliko ilipokuwa mpya. Maswali sikumuuliza hata moja. Nalala chini ya upepo wa adui.


Jumatatu, 6 Oktoba

Mpango wa pili: sauti ya umma. Nimeandika barua sita za wasikilizaji na kuzipeleka kituoni mwenyewe, katika bahasha tofauti, kwa mwandiko tofauti. Mbili kwa mkono wa kushoto. Warfa wa Waberi anasema bila Kinoti Jumamosi si Jumamosi. Abdiwali wa Galbet amechoshwa na vijana wenye kelele. Siham, mwanafunzi, anapenda sauti nzito ya mtangazaji. Ya mwisho ilikuwa kazi bora kuliko zote: mzee mmoja wa Diff, kule mpakani na Somalia, anasema kipindi changu ndicho kinachomtuliza ngamia wake wakati wa kukamwa.

Sahro alizisoma zote nimesimama. Hakucheka. Akauliza kama najua Diff iko wapi. Nikasema najua, nimewahi kuchanja kule. Akasema basi ni ajabu, maana redio yetu ikivuka daraja la Tana tu huanza kukoroma, sembuse kufika Diff. Akauliza tena huyo mzee anakamua ngamia saa nane mchana?

Akazirudisha barua katika bahasha zake, kila moja mahali pake. Akasema nina mwandiko mzuri wa kushoto.

Nimepita Galbet wakati wa kurudi. Kwa bahati tu. Nje ya kibanda cha Hamze walikuwa wamejaa watu wakimsikiliza. Bridget alikuwa wa mbele, na sare yake ya kazi. Alinipungia mkono. Nilijifanya nakagua mbuzi. Hapakuwa na mbuzi.

Basi, nina wivu. Nimeandika.


Jumatano, 8 Oktoba

Mpango wa tatu! Nimeupata! Na nimekuwa nao mbele ya macho yangu miaka kumi na moja!

Leo soko la mifugo. Wafanyabiashara wawili walikuwa wakigombea dume la ngamia, karibu wararuane. Nikadhani wataita polisi. Hakuna aliyetaja polisi. Wakaitwa wazee, wakakaa maslaha, yaani baraza la suluhu, kabla ya adhuhuri wale wawili walikuwa wanakunywa chai kikombe kimoja. Hivyo ndivyo ugomvi unavyomalizwa hapa. Na uamuzi ukitoka umetoka. Hata Sahro hawezi kuupinga, baba yake mwenyewe hukaa maslaha.

Na anayeongoza ni nani? Mzee Bare! Dalali wa ngamia, mtu asiyependa kelele zisizomhusu, ambaye redio yake haijawahi kufunguliwa kwa jambo jingine ila habari na bei ya mifugo. Huyu atapenda gitaa la mngurumo? Huyu atalipiga marufuku toka hapa hadi Wajir!

Nikamfuata. Nikamweleza kwamba kuna kijana anaharibu urithi wa watu. (Nilichagua neno urithi mwenyewe. Ninalijutia.) Akanisikiliza huku anakagua meno ya ngamia. Akasema Ijumaa baada ya swala, chumba cha nyuma cha duka la chakula cha mifugo. Kisha akauliza, "Daktari, watu yako iko wabi?"

Nikauliza watu gani. Akaniangalia kama mtoto. Mtu haendi maslaha peke yake, akasema, mtu anakwenda na watu wake. Nikamwambia wapo wengi. Watakuja.


Alhamisi, 9 Oktoba

Kutafuta watu. Kim wa benki ana mkutano. Afisa wa kilimo anasema yeye ni mtu wa injili. Mwalimu jirani yangu, mtu wa Meru kama mimi, kijiji cha pili kutoka kwetu, aliuliza kama kutakuwa na nyama. Nikasema chai. Akasema ataona.

Nimempigia Bridget. Akasema atakuja saa yake ya mapumziko. Bridget! Nilijua. Damu ya roki haigeuki maji. Nimewaandalia watu wangu viti sita.


Ijumaa, 10 Oktoba

 

Chumba kilijaa harufu ya pumba. Wazee watatu, Mzee Bare katikati. Viti sita vya plastiki upande wangu. Vitupu. Upande wa pili Hamze na mjomba wake wa kaban. Bridget akaja mbio, nikampisha kiti, akakaa upande wa Hamze. Akasema yeye yuko kwa ajili ya haki tu.

Tukangoja. Mwalimu hakutokea. Mzee Bare akasema maslaha haiwezi kuanza mtu akikaa peke yake, ni aibu kwa mji. Nikaona safari yote imeharibika. Hapo Hamze akainuka, akavuka chumba, akaketi kando yangu. Akawaambia wazee kwamba huyu ni adeer wake na hatakaa bila mtu.

Upande wa mashtaka sasa ulikuwa mimi na mshtakiwa.

Nikaeleza shauri langu. Kwamba roki ilikuwa kitu kikubwa, ina wenyewe, na kijana huyu anaivuruga, na naomba azuiwe. Mzee Bare akasema muziki si kazi yake, hajui unakula nini. Anachotaka kujua ni kimoja. Hiyo roki iko hai au imekufa? Kama iko hai, basi ni ya anayeilisha, kama mnyama, na mimi sina kesi.

Sikungojea amalize. Nikasema imekufa! Kabisa! Mwaka 2003!

Akauliza nani aliona. Nikasema mimi. Nani alizika? Mimi. "Kaburi iko wabi?" Nikasema Maua. Akauliza marehemu aliacha nini. Nikasema hakuacha kitu, aliacha ukimya. Neno zuri, nililipanga toka jana. Lakini Bridget, kwa ajili ya haki tu, akasema lipo gitaa moja jekundu. Nimelitaja hewani kila Jumamosi kwa miaka sita.

Wazee wakaguna. Mzee Bare akaweka kikombe chini polepole. Astaghfirullah! Miaka ishirini na miwili! Mali ya maiti imekaliwa na mtu mmoja miaka ishirini na miwili, haijagawanywa, inaning'inia ukutani! Akanitazama kama niliyekula ng'ombe wa yatima.

Nikajitetea kwamba hakuna mrithi, bendi yote imetawanyika, mpiga ngoma wetu siku hizi ni mchungaji wa kanisa. Mzee mmoja akauliza huyu kijana ananiitaje. Kila mtu alijua jibu. Ananiita adeer. Nami niliitika, mbele ya meneja wa redio. Watu wangu hawakuja, akaja yeye. Mrithi wanamtafuta wapi tena?

Naandika linalofuata kwa uaminifu, kwa kuwa hii shajara haisomwi na mtu.

Mzee Bare aliniinamia, sauti chini, akanipa mlango wa kutokea. "Daktari. Sema iko hai, enda nyumbani, gitaa ni yako." Neno moja! Hamze alikuwa ameinamisha macho, hataki hata kunitazama nisije nikajisikia vibaya. Bridget alikuwa amekunja mikono. Niseme iko hai, gitaa linabaki langu. Lakini nikisema iko hai, basi iko hai kwa nani? Si kwangu. Kwake! Ingekuwa imeishi miaka yote hii bila mimi, inakwenda kwa watu wengine, inacheka, inapigiwa simu kumi na moja.

"Imekufa," nikasema.

Gitaa kwa Hamze. Saa ya Jumamosi pia ikahesabiwa kuwa mali ya marehemu na ikagawanywa: nusu ya kwanza ya wafu, yangu, nusu ya pili ya walio hai. Tukapeana mikono, ikasomwa dua, tukanywa chai. Hamze alinishukuru mara nne. Sijawahi kumchukia mtu mwenye adabu kiasi kile.

Hamze alikuja nyumbani kulichukua, na ukutani ikabaki alama nyeupe yenye umbo la gitaa. Feni ilikuwa inazunguka.


Jumamosi, 11 Oktoba

Nusu saa ya wafu imekwenda kama kawaida. Hakuna simu. Sahro aliitangaza kwa jina la "Kumbukumbu". Nilitia nyimbo tatu za zamani na maelezo marefu.

Saa nane na nusu akaingia Hamze na gitaa langu. Mahali pa ule uzi uliokosekana ameweka waya wa breki ya pikipiki. Waya wa breki! Nikafungua mdomo kumkemea. Akanipa gitaa, akaniomba nimwekee sauti sawa, maana mimi ndiye ninayelijua. Nilitaka kukataa. Vidole havikuniuliza. Vilikaza, vikalegeza, vikakaza. Miaka ishirini na miwili. Nikamrudishia.

Akatangaza kwamba wimbo huu ni wa adeer wake.

Ulikuwa ule wa tatu! Wa Maua! Aliushika wote kwa kusikia mara moja, siku ile ya sufuria. Akaupeleka polepole, na ndani yake akatia ule mzunguko wa kaban wa mjomba wake, na gitaa langu likalia. Halijawahi kunililia hivyo. Naandika ukweli: nililionea wivu gitaa langu mwenyewe. Kama ng'ombe ambaye hakukupa maziwa miaka yote, anauzwa, na kesho yake jirani anajaza ndoo.

Akafika pale. Pale pale. Na stima ikapotea.

Naapa. Taa, kompyuta, feni, redio yote, kimya. Garissa nzima haikusikia tena. Nilishaanza kuinuka niende nyumbani, kama walivyofanya watu wa Maua. Lakini betri ya pikipiki haijui habari za stima. Hamze hakusimama. Akapita ile sehemu kama mtu anayeruka mtaro, akaendelea upande wa pili, mahali ambapo wimbo ule haujawahi kufika mbele ya watu. Aliutungia mwisho. Kama dakika tatu. Hewani haukwenda, wasikilizaji wake wote hawakuusikia. Tulikuwa mimi na Sahro tu gizani, mlango umefungwa.

Machoni kulikuwa na jasho. Studio haina hewa stima ikipotea. Sahro naye alikuwa na jasho.

Alipomaliza akauliza kama ndivyo ulivyotakiwa kwisha. Nikasema karibu. Ulikuwa bora kuliko tulivyoumaliza sisi mazoezini, lakini hayo sikumwambia.


Jumapili, 12 Oktoba

Asubuhi njema. Nimeamka na akili mpya! Nimekunywa chai vikombe viwili kwa Bi Ramlo na nimemweleza yote.

Hesabu ni rahisi. Gitaa lilirithiwa kwa sababu marehemu alikufa. Jana, mbele ya mashahidi, niliiona roki kwa macho yangu ikipita mahali ilipofia na kuendelea dakika tatu. Haikufa! Ilizimia! Na mtu aliyezimia akizinduka, vitu vyake vinarudishwa vyote, palepale. Mzee Bare hawezi kukataa, ni mantiki yake mwenyewe.

Bi Ramlo akauliza, kama iko hai, si nilishaambiwa ni ya anayeilisha? Na kesi sina? Na ile nusu saa yangu ya wafu nitaipata wapi tena kama hakuna aliyekufa? Nikamwambia mambo ya sheria ayaache kwa wanaume. Akanimwagia chai iliyobaki mchangani, ya kwangu.

Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi nimekubali. Nilikubali Ijumaa. Hii ni rufaa.

Nimeshaandika barua moja ya kuniunga mkono, kwa mkono wa kushoto, kutoka kwa msikilizaji wa Mandera. Ya Diff walishaishtukia.

Kilichobaki ni watu. Kim ana mkutano mwingine. Mwalimu ameuliza tena habari ya nyama. Bridget amecheka hadi simu ikakatika. Lakini mtu mmoja nimempata, na shahidi mzuri kuliko wote, alikuwepo yeye mwenyewe wimbo ulipopita. Nimempigia sasa hivi, nikamweleza kwamba naenda kwa wazee kudai gitaa.

Hamze amesema hakuna shida, adeer. Atakuja nalo, na atakaa upande wangu.